Uchuro wa Asubuhi

Mwaka wa 1968 nilikuwa na miaka tisa, na huo ndio mwaka shida zangu zilipoanza. Kabla ya hapo tulikuwa maskini tu, na umaskini si shida ukiwa na mama. Tuliishi kambi ya mkonge upande wa Voi, mama akikata mkonge, mimi nikisoma darasa la tatu. Jioni moja alikuwa anakata vitunguu, nami nimechutama karibu na moto, nikamwambia, "Mama, ukifa..."

Sikumaliza. Aliniziba mdomo kwa kiganja kizima, kinanuka kitunguu na utomvu wa mkonge. Akaniambia nisimletee uchuro nyumbani mwake. Akanitoa nje nikateme mate mchangani, yeye akisema liwe mbali, liende na upepo. Kisha tukarudi ndani tukala.

Masika hayajaisha akashikwa na homa. Hospitali hakufika. Siku ya mazishi nyanya yangu, mama yake mama, aliwaambia wanawake waliokaa mkekani kwamba mtoto huyu ana mdomo mbaya, amemtabiria mamake. Wakanigeukia wote. Hakuna aliyenipiga. Nyanya alinitoa shule akanipeleka Mombasa kufanya kazi za nyumba kwa watu, maana hapo kwetu hakuna aliyetaka kulala chumba kimoja na mdomo kama huo.

Darasa la tatu ndiyo elimu yangu yote. Ukiona kosa humu, lisahihishe ukiwa kwako.

Lakini kuitwa mdomo mbaya silo jambo linalonisumbua. Linalonisumbua ni kwamba sikumbuki nilitaka kusema nini. "Mama, ukifa..." halafu? Nilitaka kuuliza swali? Nilitaka kumwahidi kitu? Nimelitafuta neno hilo mpaka nimezeeka. Mama amekwenda nalo nusu, mimi nimebaki na nusu, na nusu yangu ndiyo ile mbaya.

Namna nilivyofika Birmingham ni habari nyingine na haiwahusu. Nilisafisha vyoo vya ofisi, nikafua shuka za hoteli, kisha nikaingia kazi ya kutunza wazee majumbani. Sikubebwa na mtu. Nilipata mume hapahapa, Mkenya mwenzangu, mtu wa kuendesha mashine za kunyanyua mizigo kwenye ghala, tukapata binti mmoja. Muda huo wote nilichunga mdomo wangu kama mtu anayechunga mbwa mkali. Mtu akiniaga, nasema kheri. Mtu akiugua, nasema utapona. Kifo sikukitaja hata cha paka.

Aliyenifungua mdomo alikuwa mzee mmoja wa mtaa wa Great Barr.

Alikuwa Mhindi aliyezaliwa Jinja, mwalimu wa historia, mmoja wa wale waliofukuzwa Uganda na sanduku moja mkononi. Nilipoanza kwenda kwake alikuwa hatoki kitandani. Nyumba yake iko karibu na barabara kuu ya magari, mngurumo wake kama kinu cha posho kisichozimwa. Siku ya kwanza alinisikia nikijisemea peke yangu, akafungua jicho moja.

"Wewe toka Mombasa," akasema. "Mimi iko jua Kiswahili, lakini ya jikoni tu."

Nikamwambia jikoni ndiko nilikotoka na mimi. Tangu siku hiyo nikamwita Mwalimu.

Kila asubuhi, kabla sijamwosha, alifumba macho akanyamaza kitambo. Nilidhani anasali. Nikamuuliza ni sala gani hiyo isiyo na maneno. Akasema si sala, anajinyang'anya vitu.

"Nachukua miguu. Nachukua mke, huyo ameenda tayari. Nachukua wewe, leo basi yako haiji. Halafu naangalia nini imebaki."

Nilimwambia kwetu hilo linaitwa uchuro, na mtu mzima hachezi nalo. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema amelipata kwa watu wa baraza.

Ndivyo alivyowaita, kwa sababu ndivyo walivyokuwa. Wagiriki wa zamani, kabla ya Yesu. Wa kwanza wao alikuwa mfanyabiashara, meli ikazama na mali yake, akabaki na nguo za mwilini. Akaanza kufundisha kwenye baraza yenye nguzo kando ya soko, apite atakaye, asikie. Baadaye kwenye kundi hilohilo alitokea mtumwa mwenye mguu mbovu, na baada yake akatokea mfalme mkubwa wa Kirumi, na wote wawili walifundisha kitu kilekile. Hapo nilisikiliza. Mtumwa na mfalme wakisema jambo moja, ama wamelewa kinywaji kimoja ama ni kweli.

Jambo lenyewe, kwa nilivyolielewa, ni hili. Kuna yaliyo yako na yasiyo yako. Mwili si wako, unaugua bila kukuomba ruhusa. Jina si lako, watu wanalitafuna watakavyo. Nyumba, kazi, mume, mtoto, vyote ni amana, na mwenyewe atakuja kuchukua siku yake bila kubisha hodi. Ukipewa afya, ipokee, hakuna anayekukataza. Ukinyimwa, hujanyimwa uzuri wako. Uzuri wa mtu ni busara, haki, ujasiri na kiasi, basi. Kilicho chako ni ile hukumu unayoitoa ndani ukikutana na jambo, na kile unachoamua kufanya. Na watu wote ni raia wa mji mmoja, maana akili inayouendesha ulimwengu ni moja, imeenea humo kama sukari kwenye chai.

Mimi ni Mkristo na si mtu wa kumezeshwa. Nilibishana naye asubuhi baada ya asubuhi, sponji mkononi. Niliuliza Mungu wangu yuko wapi katika hiyo chai. Akasema yuko, koroga. Siku moja nikamuuliza kuhusu kidonda cha mgongoni, kile cha kulala sana: Mwalimu, hiki ni chako ama si chako?

"Kidonda si yangu," akajibu. "Kelele ndiyo yangu."

Nikamgeuza nioshe, akapiga kelele ya kusikika mpaka kwa jirani. Tulicheka wote wawili, yeye machozi yanamtoka.

Alifariki majira ya baridi, kwa utulivu. Asubuhi hiyo niliyoingia nikamkuta, nilisimama nikiwa na funguo mkononi na sikuanguka. Nilikuwa nimeshamuaga kila asubuhi, kimyakimya, kama alivyonionyesha. Nilimwona vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumtunza. Najua mpaka leo makunyanzi ya viganja vyake. Nikasema, basi hili ni jambo la kweli, nitalipeleka kwangu.

Yeye alikuwa ameniambia lifanywe moyoni. Hapo ndipo tulipoachana, mimi na watu wa baraza. Sisi hatuna cha moyoni. Kwetu hata sala inasemwa kwa sauti, jirani asikie na shetani asikie. Neno lisilosemwa ni chakula kisichopakuliwa, nani amewahi kushiba nacho?

Nikaanza na mume wangu, mlangoni, asubuhi akitoka. Nikamwambia, "Baba watoto, huenda nisikuone tena..."

Na kiganja kikaja. Sijui nikieleze vipi. Mdomoni kwangu, kizima, chenye joto, kinanuka kitunguu. Nilirudi nyuma nikagonga ukuta. Jikoni kwangu siku hiyo hakukuwa na kitunguu hata kimoja. Mume wangu hakuona kitu, aliona tu mkewe amesema uchuro kisha akakosa pumzi.

"Mama, hata chai sijanywa," akasema. "Ningoje nishibe ndiyo unizike."

Ikawa mchezo wetu. Kila asubuhi naanza, kila asubuhi ananikatiza kwa utani, akienda kazini, na baadaye alipostaafu, akienda kwenye kishamba chake. Alikuwa amepewa kipande kwenye yale mashamba madogo ya kukodi ya mjini, akapanda sukuma wiki iliyoshinda ya Wazungu wote kwa ukubwa. Kiganja nacho kilikuja asubuhi nyingine, nyingine hakikuja. Nilikizoea kama mtu anavyozoea mgeni asiyeaga.

Asubuhi moja ya Septemba nilimwambia mlangoni, "Baba watoto, huenda nisikuone tena..." akajibu kwamba nikiendelea hivyo atakosa hamu ya ugali. Akavaa buti zake akaenda. Mchana mzee wa Kijamaika mwenye kishamba cha jirani alinipigia simu. Alimkuta amekaa kati ya mistari ya sukuma, mgongo umeegemea ndoo, kama mtu anayepumzika. Moyo ulikuwa umesimama.

Walikuja watu nyumbani kwangu Shard End, kila jioni, mpaka mwili uliposafirishwa. Ndivyo tufanyavyo hapa. Chupa za chai, mandazi, viti vya kuazima kanisani, nyimbo. Niliketi kwenye kochi nikiwa sawa. Nililia, lakini sikupasuka, na nadhani hilo ndilo lililowaudhi. Maana mume wangu alikuwa amewasimulia wenzake ule mchezo wa mlangoni kama kichekesho, na sasa haukuwa kichekesho tena. Nikasikia minong'ono jikoni kwangu mwenyewe, vikombe vyangu mikononi mwao. Alimwambia asubuhi ileile. Mdomo wake huyo. Kulikuwa na mama mmoja Mkongomani ambaye Kiswahili chake huwa nakielewa nusu. Siku hiyo nilikielewa chote.

Binti yangu alikuwa amesimama pale mlangoni pa jikoni. Alisikia.

Binti yangu amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza, na mimi naandika hapa kwa Kiswahili alichosema kwa Kiingereza. Maneno yetu aliyoyabakiza ulimini ni machache: chai, pole, na uchuro. Hilo la tatu alifundishwa na babake, pale mlangoni, wakicheka. Watu walipotawanyika aliniuliza kama ni kweli nilimwambia babake asubuhi hiyo. Nikasema kweli, kama kila asubuhi. Hakugomba. Alichukua koti lake akarudi kwake Selly Oak, na tangu hapo tukawa watu wa kusalimiana.

Nyumba ikabaki na mimi. Buti za mume wangu, zilizorudishwa pamoja na nguo zake, niliziweka mlangoni na sijazihamisha. Udongo wake ulikauka zamani ukawa vumbi. Lakini ziko siku za baridi, saa kumi alasiri, nje kumeshaingia giza, nikipita hapo nasikia harufu ya udongo uliotoka kulimwa, mbichi, na majani ya sukuma yaliyovunjwa. Nasimama. Nasema, hii ni hukumu yangu ama ni kitu? Mwalimu alinifundisha kulisimamisha jambo mlangoni na kulihoji kabla halijaingia. Nalihoji. Halijibu, wala haliondoki.

Kisha binti yangu akapata mimba. Ya kwanza ilikuwa imeharibika, aliificha nikaijua baadaye. Hii ya pili ilipoonekana alikuja mwenyewe Shard End, akakaa ukingoni mwa kochi na koti mwilini. Akaniomba nisije kwake mpaka mtoto azaliwe. Nisipige simu asubuhi. Alisema anajua ni ujinga, amesoma, haamini mambo hayo, lakini akinifikiria anaisikia sauti yangu ikianza lile neno, na tumbo linakaza.

Nikamwambia, "Mwanangu, huenda..."

Akanyanyuka. "Mama, uchuro," akasema, kwa Kiswahili, akafunga mlango nyuma yake taratibu.

Watu wanadhani aliyefundishwa na watu wa baraza haumii. Wanikome. Niliumia. Lakini nilijua langu ni lipi. Kuja kwake si kwangu, tumbo lake si langu, imani yake si yangu. Langu ni kukaa mbali kwa heshima kama alivyoniomba, na kutomsema vibaya kwa mtu. Nikafanya hayo. Na kila asubuhi nilisimama jikoni nikalianza lile neno kwa ajili yake, kwa sauti, kwa ukuta, maana sikuwa na namna nyingine ya kumtazama. Hapo kiganja kilianza kuja kila siku. Kila siku bila kukosa, kikali, mpaka nikihema kwa pua. Nikajiuliza kama mama anajua jambo. Kama kule aliko anaona kinachokuja, na ananiziba kwa sababu safari hii pia neno litafika.

Hilo ndilo swali lililonitafuna miezi ile, na sitalipamba. Je, mdomo wangu unaua? Mwalimu angesema mdomo hauiti homa wala hausimamishi moyo, yasiyo yako hayasikii sauti yako. Nilimwamini. Lakini mtoto wa miaka tisa ndani yangu hakuwahi kufika Great Barr.

Mkwe wangu alinipigia simu alasiri moja, kijana mpole asiyenipigia kamwe. Binti yangu anatoka damu, wako hospitali, watampasua, niende. Nikamuuliza kama binti yangu mwenyewe amesema niende. Akasema ndiye aliyesema.

Nilipanda basi mpaka mjini, kisha treni ya kwenda upande wa Selly Oak. Ilijaa wanafunzi wanachekeshana, masikio yamezibwa kwa vipokea sauti. Nilikaa nikapanga kama nilivyofundishwa. Treni si yangu. Damu si yangu. Mkono wa daktari si wangu. Nimebaki na nini? Miguu, kwa leo. Na nitakachofanya nikiingia pale. Nikasema nitanyamaza. Nitamshika mkono, nitanyamaza, nitampa hilo alilotaka.

Nilimkuta kwenye kitanda cha magurudumu, amevishwa tayari, uso umepauka kama unga. Mkwe wangu anamwambia itakuwa sawa. Nesi mmoja anamwambia itakuwa sawa. Mwingine anafunga kitu mkononi mwake huku akimwambia atarudi baada ya muda mfupi na kila kitu kitakuwa sawa. Yeye macho yanahama toka mmoja hadi mwingine kama mtu anayeongopewa na anajua. Kisha akaniona.

"Mama," akasema, kwa Kiswahili. "Sema."

"Niseme nini, mwanangu?"

"Ile ya baba."

Nilifungua mdomo na kiganja kikaja. Hakijawahi kuja kwa nguvu ile. Kitunguu, utomvu, moto wa kuni, jioni nzima ya Voi iko usoni pangu katika hospitali ya Birmingham, na nyuma yake mkeka umejaa wanawake. Sikuweza. Mimi, mwanamke niliyejivunia kujua lililo langu. Binti yangu ananitazama, anangoja. Wakaanza kusukuma kitanda.

Nikasukuma na mimi. Nilitembea nacho nimeshika chuma cha ubavuni, na nikasema huku kile kiganja kipo, kimenibana, nikasema kupitia vidole vyake.

"Huenda nisikuone tena," nikamwambia. "Kwa hiyo nakuangalia sasa. Una kovu la sufuria hapo kwenye nyusi. Una masikio ya babako. Nimekuona, mwanangu, hata ukienda nimeshakuona."

Hilo ndilo neno lote. Ndivyo lilivyokuwa tangu asubuhi ya kwanza, na hakuna aliyewahi kungoja nilimalize. Mume wangu aliingiza utani wake. Binti yangu alifunga mlango. Mama alitangulia wote. Pale kwenye kile kijia cha hospitali ndipo nilipolisikia kwa mara ya kwanza na mimi mwenyewe, mpaka mwisho.

Binti yangu akafumba macho. Uso wake ulitulia, sisemi ulifurahi, ulitulia, kama mtu aliyeambiwa ukweli. Milango ikafunguka ikajifunga.

Walirudi wawili. Mtoto ni wa kike, mdogo kama mkate, na mama yake alikaa hospitali siku nyingi lakini alitoka kwa miguu yake. Wale wanawake wa jikoni kwangu sasa wanasema mdomo wangu una baraka. Ni upuuzi uleule, umegeuzwa kama shati tu. Mdomo wangu haukumuua baba wala haukumponya binti. Damu ilifanya ya damu na madaktari wakafanya ya kwao.

Na msidhani nimepona. Kiganja bado kinakuja. Buti bado zinanuka udongo mbichi. Nikilala alasiri naamka nikiwa na miaka tisa, na lile neno liko ulimini, "Mama, ukifa..." na sijui mwisho wake. Labda ulikuwa mwisho uleule. Labda nilitaka tu kumwambia namwona, alivyoinama na machozi ya vitunguu. Au labda lilikuwa baya kweli, na yeye alilijua. Sitajua.

Jumapili binti yangu huja na mtoto mgongoni, amejifunza kumbeba kwa leso. Wakiondoka ananipa mgongo kidogo ili nione uso wa mtoto, anasimama pale mlangoni kando ya zile buti, halafu hasogei. Jirani anapita, mvua inanyesha, basi linapita. Ananisubiri mpaka nimalize.

Nilivyo navyo leo:

Nyumba ya matofali, Shard End, vyumba vitatu.
Cherehani.
Friji mbili, moja haifanyi kazi.
Kipande cha shamba la kukodi, sukuma mistari sita.
Buti za kiume.
Kiti cha mbao cha Mwalimu, alichoniachia.
Biblia.
Leso kumi na mbili.
Mdomo wangu.